Tezi Si Figo: Risala ya Wazazi wa Chumba cha Chumvi

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Sista wetu tunayempenda. Wauguzi, wafamasia na wahudumu mliotuachia viti vyenu mkasimama ukutani. Bibi na babu mliokuja kubeba wajukuu. Na nyinyi watoto mnaokimbizana huko nyuma ilhali mliambiwa mkae: amani iwe nanyi nyote, na karibuni sana.

Sisi ni wazazi na walezi wa watoto wanaotibiwa katika kile chumba cha mwisho, ukishapita ngazi, kabla hujafika stoo ya mashuka. Tumefurahi mno kukuona. Tunajua hata mwezi hujamaliza tangu uhamie hapa na kila mlango unakuita. Ndiyo maana kazi ya kusoma tumempa kinyozi, baba wa mapacha, mtu aliyezoea kuongea na aliyekaa kitini asiyeweza kukimbia. Tuvumilie, mama. Leo wembe hana.

Tutangulize neno moja lisije likaleta mgogoro mbele ya safari. Katika risala hii hatutii chumvi. Chumvi yote tuliyo nayo wanakula watoto.

Utaona kiti kimoja cha mbele kimekaliwa na mkoba tu. Hicho ni cha mwenyekiti wetu, fundi cherehani wa sokoni, ambaye hapa tunamwita Dada Fundi, na risala hii imetoka zaidi kinywani mwake kuliko mwetu. Yeye yuko ghorofani, wodi ya wazazi. Wiki iliyopita alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike. Damu ya kitovu ilichukuliwa papo hapo ikapelekwa maabara kuangaliwa kama huyu naye ana ugonjwa wa ndugu zake, na mpaka tunaingia ukumbini majibu yalikuwa hayajarudi. Kwa hiyo ukituona tunageukageuka kuutazama mlango, usidhani tumekosa adabu.

Ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya nyumbani

Mgeni rasmi, wewe ni bingwa wa figo, na haya unayajua kuliko sisi. Tunayasema kwa ajili ya ndugu zetu walioko hapa, maana mama mkwe wa Dada Fundi alishatuonya mapema: "Mkinisomea maneno ya kidaktari matupu, mimi nanyanyuka nakwenda kwa mjukuu wangu." Basi bibi, kaa. Tunayapika mpaka yaive.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo imekaa kama kofia. Imekaa juu ya figo, lakini yenyewe si figo. Kazi yake ni kutengeneza homoni. Kuna homoni inayoizuia chumvi ya mwilini isimwagike yote kwenye mkojo. Kuna inayomfanya mtu ahimili homa, jeraha, njaa na mshtuko. Zote zinatengenezwa kwa malighafi moja, nayo ni kolesteroli. Ndiyo, wazee wangu, hiyohiyo mnayosemwa nayo kliniki kila mwezi. Kumbe ina heshima zake.

Sasa, ndani ya seli za tezi hiyo kuna vyumba vidogo vidogo vinavyoitwa mitokondria, na kila chumba kina kuta mbili. Kolesteroli hufika ukuta wa nje ikakwama. Kwenda ndani haiwezi mpaka ipelekwe. Anayeipeleka ni protini moja, na maagizo ya kuitengeneza protini hiyo yameandikwa kwenye jeni inayoitwa STAR. Wataalamu huiita protini mdhibiti, kwa sababu kasi ya kazi yote iko mikononi mwake. Mtoto akipata homa, ubongo hutuma ujumbe, protini hii huongezeka haraka, malighafi huingia kwa wingi, homoni zinatoka, mtoto anaishinda homa. Homa ikipoa, nayo inapungua.

Dada Fundi alipoelezwa haya mara ya kwanza alifikiri, halafu akatuambia sisi tuliokuwa tumekodoa macho kwenye benchi: "Mbona rahisi? Chukulieni banda langu. Majora ya kitambaa yanashushwa mlangoni. Mimi niko ndani na cherehani, siwezi kutoka. Yuko mtu kazi yake ni kuyachukua mlangoni aniletee mezani. Siku hakuja, je?"

Mama mmoja akajibu, "Hushoni."

"Sishoni. Na majora?"

"Yanarundikana."

"Yanarundikana mpaka yanaangusha rafu, yanaziba mlango, hata kale kakitambaa nilikokuwa nakavuta mwenyewe kwa mkono sikafikii tena. Basi ndiyo tezi ya mwanangu. Imejaa mafuta, haishoni kitu."

Tangu siku hiyo protini hiyo tunaiita Mchukuzi. Jeni yake ikiharibika, Mchukuzi haji kazini, au anakuja goigoi. Wale ambao kwao haji kabisa huugua wakiwa wachanga. Wale wa goigoi wanaweza kwenda miaka kadhaa ndipo homa moja ikawaumbua. Na wapo watoto wetu ambao homoni za kuwaumba kiume hazikutengenezwa walipokuwa tumboni, wakazaliwa na maumbile ya kike. Tunawalea na tunawapenda jinsi walivyo, na wakifika umri wa kubalehe watahitaji msaada wa chumba hichohicho. Hayo mengine tunayaacha kwa Sista, nyuma ya mlango uliofungwa.

Jambo linalotutesa zaidi ni hili. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa mzuri. Kondo la nyuma hutengeneza homoni zake bila kumhitaji Mchukuzi, kwa hiyo mimba inakwenda salama na mtoto anatoka mnene, analia kwa sauti ya kuvunja vyombo. Wiki zinapita, wakati mwingine miezi, ndipo anaanza kutapika, kukataa ziwa, kulegea, na ngozi kuwa nyeusi isivyo kawaida yake, kwenye fizi na kwenye vifundo vya vidole. Asipopata dawa anakufa, na watu wanasema ni homa.

Na wazazi? Wazazi ni wazima wa afya. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba. Ukiwa na nakala moja nzima, mbovu haikusumbui. Utaishi ule chumvi nyingi, uzikwe kwa heshima, usijue ulikuwa nayo. Shida ni pale wawili wa namna hiyo wanapopendana. Hapo kila mimba ni kura mpya: fungu moja kati ya manne mtoto apate nakala mbovu zote mbili.

Hili nalo lina kisa chake. Dada Fundi na mume wake, fundi mwashi, walipoitwa kuelezwa, walikwenda na mama mkwe. Bibi alikaa akakunja mikono, akasema, "Kwetu ugonjwa huu haupo. Nakuambia daktari, haupo." Daktari akamwonyesha kwamba kijana wake anayo nakala moja mbovu, sawasawa na mke wake. Bibi akatazama dari. Akatazama sakafu. Halafu akafungua mikono: "Basi kumbe ni wetu sote. Nipeni huyo mtoto nimbebe, mama yake amechoka." Tangu siku hiyo hachoki kumbeba. Anatabasamu pale, mgeni rasmi, mtazame.

Tulikotoka

Sasa tuingie kwenye yaliyotukuta, na tutayasema kupitia kwa Dada Fundi, kwa kuwa yaliyompata yeye kila mmoja wetu ana kipande chake.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kiume. Alikuwa na mashavu, anasema, mashavu ya kubusu mpaka ukachoka. Aliishi wiki chache tu. Alitapika, akalegea, akaondoka, na wakaambiwa ni homa. Dada Fundi alikuwa amemshonea nguo za kumfikisha mwaka mzima, maana fundi hana subira. Nguo zile hakuzigawa na hakuzikata. Alirudi sokoni akashona sare za shule za watoto wa wenzake, na mteja akimuuliza "Hujambo?" anajibu "Sijambo," macho makavu.

Wa pili ni Bi Chumvi, yule pale mwenye utepe wa kijani, anayemvuta nywele mwenzake. Bi Chumvi! Acha. Huyu aliugua akiwa bado hajaanza kutembea. Mama yake alimfunga mgongoni akaja hapa mbiombio, na daktari wa zamu alifanya kazi nzuri kabisa. Alimtazama, akahisi, akasema, "Mpelekeni kliniki ya tezi za juu ya figo, upesi."

Mgeni rasmi, hapa ndipo neno lilipotuponza. Chumba chetu kilikuwa kimefunguliwa karibuni. Mchora vibao aliitwa aandike mlangoni: KLINIKI YA TEZI ZA JUU YA FIGO. Umeuona mlango wenyewe, ni mwembamba. Yeye alishaanza na herufi kubwa za kupendeza, alipofika katikati akaona ubao hautoshi. Akarudi nyuma, akakuna kichwa, akaruka maneno mawili. Ikabaki KLINIKI YA TEZI ZA FIGO. Alipoulizwa akasema, "Watu wataelewa."

Watu hawakuelewa. Siku ile mlango ulikuwa umefungwa, Sista kaenda kuchukua dawa. Msukuma kitanda alisoma kibao, akagonga, akamuuliza mtu aliyekuwa anapita, "Wa figo wako wapi?" Akaonyeshwa upande wa kushoto. Na upande wa kushoto, kama unavyojua kuliko sisi sote, ni wodi ya figo, na ukutani kumeandikwa kwa maandishi mekundu: CHUMVI HAIRUHUSIWI.

Dada Fundi ni mtu wa kutii. Hakuna mteja aliyemwambia kola iwe hivi akaifanya vile. Aliusoma ule ukuta, akafungua mkoba, akatoa chumvi yake ya kuwekea uji, akaiweka dirishani. Mtoto akapewa uji usio na chumvi na supu isiyo na chumvi. Mtoto ambaye chumvi ilikuwa inamvuja mchana na usiku, akafungiwa hata ile kidogo ya kuingia. Alizidi kunyauka. Akawa halii, ananung'unika tu.

Ila kuna kitu kimoja alikuwa akikifanya. Akibebwa, alikuwa anailamba shingo ya mama yake. Kulikuwa na joto na Dada Fundi alitokwa na jasho, na mtoto analamba hilo jasho, anapumzika, analamba tena. Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka kwa upendo. "Huyu mwanao anakupenda, fundi, anataka kukumaliza shingo!" Dada Fundi naye akacheka. Anasema alikuwa hajacheka siku nyingi na kile kicheko kilimuuma mbavu.

Sista aliingia kuazima mizani. Hakuja kwa ajili yao, hata hakuwajua. Alikuwa ameshaishika mizani kwapani anatoka, akasimama.

"Mama, huyu anakulamba hivyo tangu lini?"

"Tangu tulipokatazwa chumvi, Sista."

"Nani kawakataza?"

Dada Fundi akaonyesha kwa kidole. "Ukuta."

Sista akaweka mizani chini. Akamfunua mtoto mdomo, akaziona fizi. Akamtazama vidole. "Mliambiwa mwende wapi?"

"Figo, Sista. Tezi za figo."

"Maskini! Tezi, mama. Tezi! Lete mtoto."

Akambeba mwenyewe. Waliokuwepo wanasema kandambili moja ya Sista ilibaki kwenye ngazi na nyingine ikabaki mlangoni. Alimchoma sindano kabla hajauliza hata jina, akamwekea dripu ya maji ya chumvi, na Dada Fundi kasimama pembeni ameishika mizani, hajui ni nani aliyempa. Jua lilipozama mtoto alifungua macho akatafuta ziwa. Dada Fundi alipiga kelele ikasikika jikoni.

Hatumlaumu mtu kwa hayo. Wodi ya figo walifanya linalofaa kwa wagonjwa wa figo, na ukuta wao unasema kweli kwa watu wao. Lakini watoto wetu wanauawa na ushauri unaowaokoa majirani zao. Mlango mmoja wanapewa chumvi wapone, mlango mwingine wananyimwa chumvi wapone, na kati ya milango hiyo miwili kulipotea maneno mawili.

Tunayojivunia

Sasa tucheke kidogo, maana tumekutia simanzi na wewe umekuja umevaa vizuri.

Chumba kile, mgeni rasmi, ni kidogo kiasi kwamba daktari akifungua droo, mgonjwa anainua miguu. Lakini nyuma ya mlango kuna sinia lenye sindano iliyo tayari saa zote, na sheria ya chumba ni moja: sindano kwanza, maswali baadaye. Mzazi akiingia na mtoto anayetapika haulizwi kadi, haulizwi anatoka wapi, haambiwi apange foleni. Akishachomwa ndipo tunaamkiana.

Watoto wetu wanakunywa vidonge vyao asubuhi, mchana na jioni, na siku ya homa dozi inaongezwa. Wako shuleni. Bi Chumvi yuko darasa la kwanza, na mwalimu wake ametuletea malalamiko kwamba anawahonga wenzake penseli wamletee chumvi ya jikoni kwao. Mwalimu tulimwita, tukamwelimisha, na sasa kuna kikopo cha chumvi kwenye kabati la darasa, karibu na chaki. Biashara ya Bi Chumvi imekufa na bado ana kinyongo.

Mapacha wa kinyozi wanacheza mpira. Hawajui kucheza, lakini wanacheza.

Na Dada Fundi amewashonea watoto wote mikanda ya mkononi, kitambaa kigumu chenye maandishi ya uzi: TEZI SI FIGO. NICHOMENI SINDANO. Mwanzoni tuliona maneno makali. Yeye akasema, "Mlango ulikuwa na adabu, ukaniponza. Mkanda hautakuwa na adabu." Tukawavalisha siku hiyohiyo.

Kisha akapata mimba ya tatu. Mgeni rasmi, maneno yalisemwa. Yalisemwa sokoni, yalisemwa kwenye benchi letu wenyewe, tusifichane. Anajua hali yake, anataka nini tena? Dada Fundi alitusikia. Aliingia, akaketi katikati yetu na tumbo lake, akasema, "Mafungu matatu kati ya manne ni yangu. Na lile la nne, safari hii naujua mlango wake." Mama aliyekuwa amesema zaidi ndiye aliyemshonea kofia ya mtoto. Haikutoka vizuri, lakini fundi ameipokea.

Yanayotusumbua

Tunaomba hapa utusikilize kama mtoto anavyomsikiliza mama, au mama anavyomsikiliza mtoto, vyovyote utakavyopenda.

Vidonge vinavyokuja ni vya watu wazima. Tunavikata vipande vinne kwa wembe juu ya sahani, na vipande havilingani, kimoja kinakuwa mtu mzima na kingine kinakuwa vumbi. Mara nyingine dawa haipo kabisa na tunaazimana mlango kwa mlango. Haya tumeyazoea, na mfamasia anahangaika nasi, tunamshukuru.

Hatukulizoea tangazo lililobandikwa wiki hii kwenye ubao wa mapokezi. Linasema kwamba kuanzia mwezi ujao huduma zote za figo zitakuwa sehemu moja, upande wa kushoto, na chumba kinachoitwa Kliniki ya Tezi za Figo kitaongezwa kwenye stoo ya mashuka. Tulilisoma tukatazamana. Mama mkwe wa Dada Fundi aliomba asomewe tena, akidhani aliyesoma amekosea.

Mgeni rasmi, tunaamini tumelielewa. Wewe ni mgeni, ulipita ukakagua jengo, ukaona mlango umeandikwa figo, na wewe ni mtu wa figo. Ni nani angefikiri vingine? Ulitaka kuwapunguzia wagonjwa wako safari, na hilo ni jambo la huruma. Ni ule mlango uliokudanganya, kama ulivyomdanganya msukuma kitanda. Figo tunaziheshimu sana, mama. Kila mmoja wetu anazo. Lakini tukihamia chini ya ule ukuta wenye maandishi mekundu, na sinia likaingia kwenye kabati la kufungwa kwa ufunguo, tunajua yatakayotokea, kwa sababu yameshatokea.

Tunayoomba

La kwanza, chumba kibaki chumba. Kidogo vilevile, na droo ileile ya kuinulia miguu. Mashuka yatafute kwingine.

La pili, tumekuja na kibao. Kiko pale nyuma, kimefunikwa kanga, amekitengeneza fundi mwashi akisaidiwa na mchora vibao yuleyule, ambaye safari hii amekataa ujira na amepima mlango kabla ya kuandika. Maneno yote yameenea. Tunaomba ruhusa yako kukipigilia juu ya mlango, maana kwa upana hakiingii kwenye mlango wenyewe.

La tatu, mama ambaye tayari ana mtoto katika chumba hiki, akijifungua mwingine, damu ya kitovu ichukuliwe kama ilivyochukuliwa ya huyu wa ghorofani, iwe ni utaratibu wa hospitali na isitegemee kama Sista yuko zamu siku hiyo. Watoto hawa hawatupi nafasi ya pili. Wanazaliwa wazuri na sisi tunalala…

Nyongeza isiyo kwenye karatasi

Mgeni rasmi, tunaomba radhi. Tunasimama kidogo. Sista ameingia.

Tunaomba utulivu. Watoto, kaeni.

Mgeni rasmi, majibu yamerudi. Sista anasema tuyaseme hapahapa, Dada Fundi ameruhusu, tena ameagiza yasemwe.

Mtoto anao. Nakala zote mbili.

Bibi, kaa, kaa kwanza. Mpeni bibi maji.

Tuendelee. Tunaambiwa tuendelee. Sista anasema alipopanda ghorofani, Dada Fundi alikuwa ananyonyesha, akamwona usoni akajua. Akauliza neno moja tu, "Dawa umekuja nayo?" Sista alikuwa nayo mfukoni. Ikasagwa, ikachanganywa na maziwa ya mama yake, ikapita kwenye ncha ya kijiko. Mtoto akaitema nusu, akarudishiwa, akameza. Hajatapika hata mara moja tangu azaliwe. Hajalegea. Ana mashavu. Sisi wote tuliomo humu, mgeni rasmi, watoto wetu tuliwaleta mikononi wakiwa wanatutoka, na wengine hatukuwafikisha. Huyu ni wa kwanza katika chumba kile kupewa dawa akiwa bado hajaumwa.

Ujumbe wa Dada Fundi, kama Sista alivyoubeba, ni huu: "Waambieni wasilie, watanitia uchungu na mshono bado mbichi. Kaka yake tulimkosa. Dada yake ilikuwa bado kidogo tumkose. Huyu tumemwahi."

Huyu tumemwahi, mama. Mengine tuliyoandika tunayaacha. Ataruhusiwa kutoka wodini karibuni, na mwezi ujao siku ya kliniki atakuja amefungwa mgongoni. Tunakuomba akute mlango.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi ambao kazi hii inakunyima, awape wagonjwa wako wa figo nafuu, na akuzeeshe katikati ya watoto uliowaona wadogo. Ukimaliza kusema utakayotuambia, ngazi ziko kushoto kwako. Kitanda cha dirishani. Mikono ioshwe, na anapenda kubebwa wima.

Ni sisi wako, Wazazi na Walezi wa Chumba cha Chumvi, pamoja na mwanachama wetu mpya, ambaye bado hajapewa jina.